Shajara ya mradi: kupima mzigo wa kazi wa fiziotherapia, maabara na mionzi

Wiki ya 1, Jumatatu

Mganga Mfawidhi ametukubalia leo, mara tu baada ya ripoti ya asubuhi. Tumepewa miezi mitatu kupima mzigo wa kazi wa kada tatu: fiziotherapia, maabara na mionzi. Kamati ina watu wanne: mimi ninayeongoza fiziotherapia, dada mmoja wa maabara, kaka mmoja wa mionzi, na Katibu wa Afya, ambaye ndiye huandaa maombi ya ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa, ya hospitali yetu ya rufaa kila mwaka.

Naandika chanzo chake kabla hakijasahaulika. Msimu uliopita wa bajeti kila idara iliulizwa inahitaji watumishi wangapi na kwa nini. Wauguzi walileta hesabu ya vitanda na zamu. Sisi tulileta neno moja: tumezidiwa. Lilikuwa kweli tupu, lakini neno halijumlishwi wala haligawanywi, na kwenye jedwali la maombi hatukupata mtu.

Muuguzi ana kitanda cha kuhesabia. Ndiyo maana hata wabunge wameweza kuandika sheria juu ya jambo hilo: California ilipitisha sheria ya uwiano wa wauguzi kwa wagonjwa mwaka 1999, ikaanza kutekelezwa 2004, na jimbo la Victoria kule Australia likaweka uwiano wake kwenye sheria mwaka 2015. Sisi wa kada shirikishi, tunaohudumia wodi zote bila kuwa na wodi yetu, hatuna kitanda. Sampuli hailazwi wodini. Mgonjwa wa kiharusi yuko wodi ya wanaume, mtoto mwenye mguu kifundo, yaani mguu uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa, yuko kliniki ya nje, kijana aliyevunjika paja kwa bodaboda yuko wodi ya mifupa, na wote watatu wananisubiri mimi kabla ya saa sita mchana.

Wiki ya 1, Alhamisi

Tumechagua njia ya Shirika la Afya Duniani iitwayo WISN, inayokadiria idadi ya watumishi wanaohitajika kutokana na mzigo wa kazi. Mwongozo wake wa kwanza uliandikwa na Peter Shipp mwaka 1998, ukafanyiwa marekebisho na kutolewa upya 2010, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizokwisha kuutumia. Nimeipenda kwa sababu inauliza maswali matatu ambayo mtu yeyote anayeyajua mazingira yetu anaweza kuyajibu. Kwa mwaka umefanya kazi ngapi za aina hii? Kazi moja ikifanywa sawasawa inachukua dakika ngapi? Na mtumishi mmoja ana saa ngapi za kufanya kazi kwa mwaka?

Tumeanza na swali la tatu, tukidhani ndilo rahisi. Mwaka una wiki 52, siku 5 kila wiki: siku 260. Likizo ni siku 28, lakini ndani yake zimo Jumamosi na Jumapili, hivyo siku za kazi zinazotoka ni 20. Sikukuu tulizihesabu kwenye kalenda, zile tu zinazoangukia siku ya kazi, zikawa 13. Kwa ugonjwa, misiba na ruhusa fupi, daftari la mahudhurio la mwaka jana limetupa wastani wa siku 7. Mafunzo kazini siku 5. Zinabaki siku 215, na kwa saa 8 kila siku ni saa 1,720.

Hesabu ya zamani ya ofisi ilikuwa saa 2,080, yaani siku 260 mara 8. Tofauti ni saa 360 kwa kila mtumishi. Hizo ni saa ambazo hospitali ilikuwa inazipanga kwenye karatasi huku mwenyewe yuko likizo, yuko msibani au amelazwa. Katibu wa Afya ameirekebisha papo hapo kwa kalamu yake, na namshukuru kwa hilo.

Wiki ya 2, Ijumaa

Fomu yetu ya kwanza imeshindwa. Ilikuwa na safu 14: jina la mtumishi, wodi, aina ya kazi, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na mengine mengi. Nimepitia karatasi zote za wiki jioni hii. Karibu kila kazi imeandikwa dakika 15, 30 au 45, na mwandiko ni wa kalamu moja kuanzia mstari wa juu hadi wa chini. Watu wamezijaza saa tisa alasiri kwa kukumbuka, wakiwa wamechoka. Siwalaumu hata kidogo. Mikono yao ilikuwa imeshika miguu ya wagonjwa mchana kutwa.

Kuna jambo zito zaidi. Mwenzangu wa miaka mingi alinivuta pembeni akaniuliza, "Kiongozi, hizi karatasi zikionyesha mimi naenda polepole, nitahamishwa?" Sikuwa na jibu la maandishi. Nimekwenda kwa Mganga Mfawidhi tukaandika barua fupi, ukurasa mmoja: fomu haitakuwa na jina, takwimu hazitatumika kwenye nidhamu wala uhamisho, na matokeo yatasomwa kwanza na idara yenyewe kabla ya kwenda ofisi yoyote. Barua imebandikwa chumba cha mazoezi, maabara na chumba cha eksirei.

Wiki ya 3, Jumatano

Sasa tunafuatana. Mtu wa maabara anamfuata wa fiziotherapia nusu siku akiwa na saa na kijidaftari, wa mionzi anamfuata wa maabara, nami namfuata wa mionzi. Kuna faida ambayo sikuitarajia: kila mmoja ameijua kazi ya mwenzake. Dada wa maabara alirudi ameshika kiuno. Amesema hakujua kwamba kumkalisha kitandani mgonjwa wa kiharusi mwenye uzito mkubwa kunahitaji watu wawili, na kwamba mmoja wao mara nyingi ni ndugu wa mgonjwa.

Yeye ndiye aliyeona jambo ambalo sisi tulikwisha kulizoea kiasi cha kutoliona. Asubuhi moja mfiziotherapia alikwenda wodi ya upasuaji kwa mgonjwa aliyeombewa huduma. Mgonjwa alikuwa amepelekwa eksirei. Akashuka wodi ya watoto, kumbe wakati wa dawa. Akarudi upasuaji, mgonjwa amerudi lakini hajapewa dawa ya maumivu, hawezi kuguswa. Dakika 40 zimekwenda bila mtu kuhudumiwa, na kwenye rejesta hakuna alama yoyote. MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, itasema asubuhi ile alihudumiwa mgonjwa mmoja.

Wiki ya 4

Tumekusanya kazi za pembeni za fiziotherapia, zile zinazofanywa na wote na hazihesabiki kwa mgonjwa mmoja mmoja. Kwa siku: ripoti ya asubuhi na mzunguko wa madaktari dakika 30, kuandika majalada na kuingiza kwenye mfumo dakika 35, kutembea na kusubiri wodini dakika 30, kusafisha na kutafuta vifaa dakika 20. Jumla dakika 115 kati ya 480, sawa na asilimia 24.

Hapa palitokea ubishi wa hesabu ambao nauandika kwa faida ya atakayerudia kazi hii. Katibu wa Afya alizidisha idadi ya watumishi kwa 1.24. Sivyo. Kama asilimia 24 ya siku inaliwa na kazi za pembeni, kinachobaki kwa wagonjwa ni asilimia 76, kwa hiyo unagawanya kwa 0.76, ambayo ni sawa na kuzidisha kwa 1.32. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa idara ya watu watano inakaribia nusu ya mtumishi.

Wiki ya 5, Jumanne

Kikao kigumu kuliko vyote. Tulitakiwa kupanga muda unaostahili kwa kila kazi.

Vijidaftari vyetu vilionyesha mgonjwa wa marudio wa nje anapata kama dakika 18. Katibu wa Afya alisema basi tuandike 18, ndivyo hali ilivyo. Nilikataa, na nilikataa kwa nguvu. Dakika 18 ni muda wa mtu anayekimbizwa na foleni. Tukiuandika kama kipimo, upungufu wenyewe utageuka kuwa kanuni, kisha hesabu itatuambia tunatosha. Mwongozo wa WISN unataka muda anaouhitaji mtumishi aliyefunzwa vizuri, mwenye ujuzi na moyo wa kazi, kufanya kazi kwa viwango vya taaluma yake katika mazingira ya mahali alipo. Maneno yote hayo yana uzito, hata yale ya mwisho: sitakiwi kupima kwa mashine nisizokuwa nazo.

Mtu mmoja aliuliza, kwa haki kabisa, nani atatuzuia tusijipangie muda mrefu. Tulikubaliana hivi: watu watatu wenye uzoefu, mmoja wao kutoka hospitali nyingine, kila mmoja aandike makadirio yake peke yake, tofauti zijadiliwe mbele ya vijidaftari, na hakuna muda utakaopita bila kuelezwa kinachofanyika ndani yake. Kwa marudio ya nje walifika dakika 30, na kila dakika ina kazi yake: kumuuliza hali, kupima mkunjo wa goti, mazoezi yenyewe, kumfundisha atakayoyafanya nyumbani, kuandika. Tathmini ya mgonjwa mpya dakika 45. Mgonjwa wa wodini dakika 40. Plasta ya mguu kifundo saa nzima, kwa sababu mtoto hutulizwa kwanza, ananyonya, mguu unanyooshwa taratibu, ndipo plasta, na mama anaelekezwa namna ya kuangalia vidole kama vinabadilika rangi. Wiki ijayo anarudi kwa plasta nyingine.

Kuhusu kiharusi niliweka mezani mwongozo wa kitaifa wa Uingereza na Ireland wa 2023, unaopendekeza angalau saa 3 za utengemao, yaani tiba ya kumrudishia mgonjwa uwezo wake, kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa mgonjwa anayehitaji. Zamani ulisema dakika 45 kwa kila aina ya tiba. Hatuwezi kufika huko leo. Lakini nilitaka chumba kizima kijue kwamba dakika 40 tulizoziandika ni sakafu, na kwamba mgonjwa wetu ana ubongo uleule kama wa yule wa London.

Wiki ya 6

Maabara na mionzi. Maabara ina desturi ndefu ya kujipima. Kanada wamekuwa wakihesabu kazi ya maabara kwa vipande ambavyo kimoja ni dakika moja ya mtumishi. Kwetu ugumu uko kwenye mashine. Sampuli moja ya kemia ya damu na sampuli kumi zinazoingia pamoja hazitofautiani mara kumi kwa muda wa mtu. Dada wa maabara ametenganisha kazi za sampuli mojamoja, kama kusoma slaidi ya malaria kwa hadubini, na kazi za mkupuo. Amefanya vizuri sana.

Jambo kubwa la wiki hii ni kiti cha usiku. Usiku mmoja maabara ilipokea sampuli chache tu. Ukitumia dakika peke yake, utasema mtumishi wa usiku hana kazi. Lakini mama anayevuja damu baada ya kujifungua akiletwa saa nane za usiku, kundi lake la damu lazima lipimwe sasa. Kinacholipiwa usiku ni kuwepo. Basi tukahesabu: mwaka una saa 8,760. Gawanya kwa saa 1,720 za mtumishi mmoja. Jibu ni 5.09. Kiti kimoja kisichoachwa wazi mchana na usiku, mwaka mzima, kinahitaji watu watano kabla hujahesabu sampuli hata moja. Kaka wa mionzi alinyamaza, kisha akasema idara yake ina watu watatu, nao wanashika usiku wote kwa kuitwa kutoka nyumbani.

Kwake tumeongeza alama moja: picha za kurudia. Mtumishi aliyelala kwa muda wa saa mbili tu akipiga eksirei, mkao wa mgonjwa unakosewa, picha inarudiwa, na mgonjwa anapata mionzi mara mbili. Ataandika idadi yake kwa zamu, pamoja na saa ilipopigwa.

Wiki ya 7, Alhamisi

Hesabu ya fiziotherapia imekamilika. Kwa saa 1,720 na dakika tulizopanga, mtumishi mmoja angeweza kwa mwaka kufanya tathmini mpya 2,293, au marudio 3,440, au wagonjwa wa wodini 2,580, au plasta 1,720. Rejesta ya mwaka jana ina tathmini mpya 1,376, marudio 5,160, huduma za wodini 3,870 na plasta 344. Ukigawanya kila moja unapata 0.6, 1.5, 1.5 na 0.2. Jumla watumishi 3.8. Kwa kazi za pembeni inafika 5.0. Ongeza 0.3 kwa saa zangu za uongozi na za mwenzangu anayesimamia wanafunzi: 5.3, ambayo kwa kanuni ya mwongozo inashushwa kuwa 5.

Tuko wanne. Uwiano wa waliopo kwa wanaohitajika ni 0.8. Pungufu mmoja.

Nilipaswa kufurahi kwamba tumepata namba. Sikulala vizuri. Mimi najua wodi zile. Upungufu wa mtu mmoja haufanani na ninachokiona.

Wiki ya 8, Jumatatu

Nimelipata kosa, na lilikuwa mbele yetu tangu mwanzo. Rejesta inahesabu waliohudumiwa. Asiyefikiwa hayumo. Idara ikiwa na watu wachache itawaona wachache, itaandika wachache, na hesabu itaipa watu wachache.

Leo nimeanza kupita kila wodi saa tisa na nusu, na kufungua majalada yote yenye maombi ya fiziotherapia. Ninaandika tu: limeombwa lini, limejibiwa lini, au halikujibiwa.

Wiki ya 8, Ijumaa

Maombi 25 hayakufikiwa wiki hii. Mmoja ni bibi aliyevunjika nyonga, ameombewa huduma Jumatatu. Ijumaa hii mwanawe alinifungulia shuka nikaona wekundu juu ya kisigino na kwenye matako, dalili ya kidonda cha kulalia. Nilimgeuza pamoja na muuguzi, tukamkalisha, alilia kwa maumivu kisha akanishika mkono. Ombi lake lilikuwa la dakika 40. Kidonda kikifunguka ni wiki nyingi wodini, dawa, na pengine maisha yake.

Nimeandika safu mpya kwenye jedwali: walioombewa, hawakufikiwa.

Wiki ya 10

Wiki mbili zilizofuata hazikupishana sana na ile ya kwanza, kwa hiyo tumetumia 25 kwa wiki, 1,300 kwa mwaka. Hiyo ni nusu ya mtumishi kabla ya kazi za pembeni. Hesabu mpya: 4.3 mara 1.32, jumlisha 0.3, inakaribia 6. Wanne kwa sita, uwiano 0.67. Tutawasilisha hesabu zote mbili na kueleza tofauti yake, kwa sababu tofauti hiyo ni watu wenye majina kwenye majalada.

Watumishi wapya, hata tukipewa, hawaji kesho. Kwa hiyo tumeanza kupanga kazi upya na hawa wanne.

Kwanza, karatasi ya ombi sasa ina ngazi tatu. Ya kwanza ni leo: kifua cha mgonjwa mahututi, kiharusi kipya, nyonga na paja siku moja baada ya upasuaji. Ya pili ni ndani ya siku mbili. Ya tatu hupelekwa kliniki ya nje baada ya kuruhusiwa. Madaktari wameipokea vizuri kuliko nilivyotegemea, hasa baada ya kuona orodha ya wasiofikiwa.

Pili, wagonjwa wa mgongo na magoti wanaorudi wanafanya mazoezi kwa kundi, watu sita kwa saa moja, Jumanne na Alhamisi. Kina mama wa kundi la Alhamisi tayari wanaulizana hali kwa simu.

Tatu, wodi ya upasuaji imekubali kutoa dawa ya maumivu nusu saa kabla ya sisi kufika, na tunapiga simu wodini kabla ya kutoka. Hili halikugharimu chochote.

Liko la nne ambalo bado linanisumbua: kuwafundisha ndugu kugeuza na kukalisha mgonjwa. Linasaidia kweli. Ila nimeona binti wa miaka kama 16 akiwa amefundishwa kumbeba baba yake, na shule imefunguliwa. Nimeomba Afisa Ustawi wa Jamii aingie kwenye kamati ili tusiuhamishe mzigo wetu kimyakimya kwenda kwa familia na kuuita ufanisi.

Wiki ya 12, Jumatano

Tumewasilisha mbele ya timu ya uendeshaji. Swali la kwanza lilikuwa kwa nini mionzi na fiziotherapia zote zina pungufu ya wawili, ipi itangulie. Kaka wa mionzi alijibu mwenyewe: chukua mfano wa idara yenye 18 inayohitaji 20, ina uwiano wa 0.9, wanapumua; yeye ana watatu wanaohitajika watano, 0.6, na mmoja akiugua mashine inafungwa. Pungufu ileile, uzito tofauti. Mganga Mfawidhi amesema mionzi itangulie kwenye maombi, kisha sisi, kisha maabara, ambayo imeomba mtu wa kiti cha usiku. Nimeridhia. Picha za kurudia alizokusanya nyingi zilipigwa baada ya saa sita za usiku, na hakuna hoja yangu inayoshinda hiyo.

Maombi yataingia kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Hadi wakati huo safu ya wasiofikiwa itajazwa kila Ijumaa na kusomwa kwenye ripoti ya Jumatatu, pamoja na vifo na waliolazwa. Hilo limepitishwa leo.

Wiki ya 13, Ijumaa

Wasiofikiwa wiki hii: 11. Kati yao wa ngazi ya kwanza ni mmoja, aliyeletwa Alhamisi usiku. Nimemwacha juu ya orodha ya kesho. Nitapita mwenyewe, ingawa ni Jumamosi.

Bibi wa nyonga ameruhusiwa jana. Kisigino kimepona bila kufunguka. Ametoka kwa magongo, mwanawe kando yake, na tarehe ya marudio ameiandika mwenyewe kwenye kadi.